Kompyuta ya nyumbani imeingia virusi: soma dalili kabla hujapiga Windows

Mkulima wa Tandahimba akiona maua ya mkorosho yamefunikwa na kitu cheupe kama unga wa sembe, anajua ni ubwiriunga, na anatafuta salfa. Akiona machipukizi yamekauka na kuwa meusi, anajua ni mbu wa mikorosho, na mbu yule hafi kwa salfa. Hapulizi kwanza ndipo aangalie. Anaangalia ndipo apulize.

Kompyuta ikiugua tunausahau ustadi huo. Tunaifunga kwenye mfuko, tunaipeleka kwa fundi, fundi anasema "hapa tupige Windows tu," yaani kuisakinisha Windows upya kabisa, na jioni tunarudi nayo Shangani au Chikongola hapa Mtwara ikiwa safi na tupu. Picha za harusi zimekwenda, mitihani aliyotunga mwalimu miaka minne imekwenda, hesabu za duka zimekwenda. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kutibika bila kugusa hata faili moja.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na majirani wakati wanasaidiwa na wataalamu walio mbali, watu wanaosafisha kompyuta kwa kusoma ripoti zake, wengi wao wakijitolea bila malipo. Kazi hiyo imenifundisha jambo moja ambalo ningependa kila nyumba yenye kompyuta ilijue. Mtaalamu aliye mbali hakioni kioo chako. Anachokiona ni maneno yako na ripoti uliyomtumia, basi. Maneno yakiwa sahihi, kazi inakwisha kwa jioni mbili. Yakiwa ya kubahatisha, mtazungushana wiki nzima na mwisho utapiga Windows vilevile.

Dakika kumi za kwanza

Zima intaneti. Kama unatumia hotspoti ya simu, izime kwenye simu. Kama ni modemu, ichomoe. Virusi vingi vinavyoiba havina kazi vikikatiwa njia ya kwenda kwa bwana wao.

Chomoa flashi zote na diski ya nje, na usichomeke nyingine kwa nia ya "kuokoa picha haraka haraka". Hapo ndipo ugonjwa wa kompyuta moja unapokuwa wa familia nzima. Usiingie benki wala kwenye barua pepe kwa kompyuta hiyo. Kama kuna nywila ya kubadilisha leo, tumia simu.

Usifute kitu. Najua mkono unawasha, lakini faili geni unaloliona na kulifuta ndilo ambalo mtaalamu angelisoma akajua ni ugonjwa gani.

Kisha chukua daftari. Andika dalili ilianza lini, siku hiyo ulichomeka flashi ya nani, ulipakua nini, mtoto alicheza gemu gani, kioo kiliandika maneno gani. Ujumbe wa kosa ukiwa kwa Kiingereza unakili herufi kwa herufi bila kuutafsiri, au upige picha kwa simu. Ukiniambia "imeandika eti kuna tatizo la Windows" hujaniambia kitu. Maneno yenyewe yakiwapo, mtaalamu anaweza kujua ndani ya dakika moja.

Huenda si virusi

Hili nalisema mapema kwa sababu nimeshuhudia watu wakilipia kusafishwa virusi ambavyo havikuwapo.

Kompyuta inachemka na feni inalia hata ukiwa hujafungua kitu: kabla ya kushuku mwizi, geuza laptopu uangalie matundu ya hewa. Vumbi la huku na hewa ya chumvi ya baharini havina huruma na feni. Kompyuta inayogandaganda na kutoa sauti ya kugongagonga ndani ina diski inayokufa, na hapo kitu cha kwanza ni kunakili mafaili yako, maana kila unapoichunguza unaipunguzia uhai. Kompyuta iliyoanza kuleta makosa baada ya umeme kukatika ikiwa inafanya kazi inaweza kuwa na mafaili ya mfumo yaliyoharibika tu. Na bando likiisha kwa saa moja, mara nyingi ni Windows yenyewe inapakua masasisho. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna kitufe cha "Metered connection", kiwashe uone kama hali itatulia.

Intaneti nayo ina magonjwa yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Siku zile nililetewa kompyuta zisizo na kasoro yoyote, wenyewe wakiapa kwamba zimeingia virusi kwa sababu kurasa hazifunguki. Jaribu ukurasa uleule kwa simu yenye mtandao mwingine. Ukikwama huko pia, kompyuta yako haina hatia.

Mafolda yote kwenye flashi yamegeuka shotikati

Hii ndiyo dalili ninayoipokea kuliko nyingine zote, na nitakaa hapa kidogo.

Mzee mmoja wa Mikindani alinipigia usiku. Baada ya shikamoo na marahaba akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, flashi imekula picha za mama yenu." Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na picha alizokuwa nazo zilikuwa kwenye flashi ile peke yake. Alikuwa ameipeleka steshenari kuchapa picha ya kitambulisho. Aliporudi akaona kila folda imewekewa kimshale kidogo pembeni, na ukubwa wa kila moja ni KB moja au mbili. Pale steshenari walimwambia aifomati, itakuwa nzima.

Asante Mungu hakuifomati.

Kirusi cha namna hii hakifuti mafaili. Kinayaficha kwa kuyapa alama mbili ambazo Windows inaziheshimu, ya "faili lililofichwa" na ya "faili la mfumo", halafu kinatengeneza shotikati zenye majina yaleyale. Ukibofya shotikati inafanya mambo mawili kwa mpigo: inaendesha hati ndogo ya amri (skripti) ya kirusi, kisha inakufungulia folda lako halisi. Kwa kuwa folda limefunguka, huna sababu ya kushtuka. Kuanzia hapo kompyuta yako ndiyo mgonjwa, na kila flashi itakayochomekwa itapata shotikati zake.

Kwa hiyo mpangilio wa tiba ni kompyuta kwanza, flashi baadaye. Wengi wanaanza na flashi, wanaisafisha vizuri, wanaichomeka tena kwenye kompyuta ileile, na baada ya sekunde chache shotikati zimerudi. Wanasema kirusi ni sugu. Si sugu, kinaletwa upya. Ndani ya kompyuta kimejiandikisha kwenye orodha ya vitu vinavyoanza Windows inapowaka, au kwenye kazi zilizopangiwa saa, na hapo ndipo mtaalamu anakiona kwenye ripoti: hati yenye jina la herufi ovyo ovyo inayoendeshwa na wscript.exe, programu ya Windows ya kuendesha skripti.

Kompyuta ikishasafishwa, shikilia kitufe cha Shift huku unachomeka flashi, usibofye chochote ndani yake, ichunguze kwa antivairasi, kisha fungua kidirisha cheusi cha amri (Command Prompt) na uandike, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri. Kwa flashi iliyojaa inaweza kuchukua dakika kadhaa na kidirisha kikae kimya. Ukifungua tena utaona mafolda halisi yapo pamoja na zile shotikati. Futa shotikati na skripti yoyote usiyoitambua. Wakati mwingine mafaili yamesukumwa ndani ya folda lisilo na jina kabisa. Liko pale, linaonekana kama nafasi tupu yenye picha ya folda. Lifungue.

Picha za yule mama zilikuwa zote, 412. Mzee alizihesabu.

Matangazo pembeni ya kioo, na ukurasa wa kutafutia umebadilika

Vijitangazo vinavyoruka kwenye kona ya chini kulia, vya kamari au vya "kompyuta yako ina virusi 5", kwa kawaida havitoki kwenye kirusi. Kuna siku uliingia kwenye ukurasa wa kupakua filamu au kuangalia mpira, ukaombwa ubofye "Allow" kuthibitisha kwamba wewe si roboti, ukabofya. Uliipa tovuti ruhusa ya kukutumia arifa. Nenda kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya arifa za tovuti, uiondoe ile tovuti. Kazi imekwisha.

Kama ukurasa wa kutafutia umebadilika wenyewe na ukiurudisha unabadilika tena, tazama viendelezi vya brauza, vile viprogramu vidogo vinavyobandikwa juu yake. Ondoa usichokumbuka kukiweka. Kikikataa kuondoka, na brauza inakuambia kwamba inasimamiwa na shirika lako ilhali kompyuta ni ya nyumbani, basi kuna programu iliyoandika kanuni ndani ya Windows ili kukilinda. AdwCleaner ya Malwarebytes inashughulikia mengi ya aina hii, na ni nyepesi, haili bando. Ikishindwa, huyo ni mgonjwa wa mtaalamu.

Kioo kizima kinapiga kelele na kukuambia upige namba ya simu

Usipige. Microsoft wenyewe wameshaeleza kwamba ujumbe wao wa makosa hauwekwi namba ya simu. Ule ni ukurasa wa brauza tu uliotanuliwa ukajaza kioo. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua Task Manager, ifunge brauza, na ukiifungua tena ikikuuliza kama irejeshe kurasa za mwanzo, kataa.

Kama ulishapiga, na mtu akakuelekeza kuweka AnyDesk au TeamViewer, programu za kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali, akaingia, kata intaneti sasa hivi. Programu hizo mbili ni halali na mafundi wa kweli wanazitumia, ila uliyemfungulia mlango ni mwizi. Iondoe programu, piga simu benki na kwa mtoa huduma wako wa pesa kwa namba zilizoandikwa kwenye kadi au unazozijua mwenyewe, si namba uliyopewa na yule mtu. Badilisha nywila kwa simu. Usione haya kulisema nyumbani. Watu hawa wanaifanya kazi hii kutwa kucha na wanajua kumtisha mtu mpaka akili isimame.

Mafaili yamepata mkia mpya na hayafunguki

Picha iliyokuwa inaishia na .jpg sasa ina herufi nne ngeni baada ya hiyo .jpg, na ndani ya kila folda kuna karatasi ya maandishi inayodai dola. Huu ni utekaji nyara wa mafaili. Kwa kompyuta za nyumbani, familia ya STOP, inayoitwa pia Djvu, imetesa watu wengi mno, na karatasi yake kwa kawaida inaitwa _readme.txt. Njia yake kubwa ya kuingilia ni programu zilizokrakiwa: Photoshop ya bure, kifungulio cha Windows, gemu lililovunjwa kufuli. Nalisema hili bila kumlaumu mtu. Bei za programu hizi ni kubwa kwa mishahara yetu, na aliyeitaka Photoshop huenda alitaka tu kutengeneza kadi za mwaliko apate riziki. Lakini chanzo ni hicho na mtaalamu atakuuliza. Mjibu ukweli.

Elewa kwamba kukiondoa kirusi hakufungui mafaili. Antivairasi inamfukuza mwizi. Kufuli lake linabaki mlangoni. Kwa hiyo usifute mafaili yaliyofungwa, usiyabadilishe majina, usiifute ile karatasi, na usipige Windows juu yake. Nakili vyote kwenye diski ya nje mara mtaalamu akisema kompyuta ni salama. Mwezi Julai 2016 polisi wa Uholanzi, Europol, Kaspersky na Intel Security walianzisha mradi wa No More Ransom, ambao unatoa vifunguo vya bure kwa aina nyingi za utekaji huu, na vingine vimepatikana miaka baada ya watu kufungiwa. Faili ulilolitunza leo linaweza kufunguka kesho kutwa.

Kuna jambo moja la STOP linalotuhusu sisi wenye bando la kudunduliza. Kirusi hiki kikianza kazi hujaribu kuwasiliana na seva yake kipewe ufunguo wa kompyuta hiyo peke yake. Kikishindwa kuipata, kinatumia ufunguo kilichozaliwa nao, ambao ni uleule kwa waathirika wengi, na funguo za namna hiyo nyingine zimeshapatikana. Kwa hiyo mwambie mtaalamu kama intaneti ilikuwa imezimwa au bando lilikuwa limekwisha wakati mafaili yanafungwa.

Kirusi hiki pia kina desturi ya kuleta mwenzake anayeiba nywila. Soma sehemu inayofuata.

Akaunti zinatuma ujumbe zenyewe

Marafiki wanakuuliza kwa nini unawaomba hela Facebook, nawe umelala. Hapa brauza imeibiwa nywila zilizohifadhiwa, na pamoja nazo vile vitambulisho vinavyoifanya tovuti ikukumbuke bila kukuuliza nywila tena. Ndiyo maana mtu anabadilisha nywila na mwizi bado yumo ndani: anatumia kitambulisho cha zamani. Kwa simu iliyo salama anza na barua pepe, badilisha nywila, kisha tafuta kitufe cha kuvitoa vifaa vyote vilivyoingia, halafu washa uthibitisho wa hatua mbili. Baada ya barua pepe ndipo uende kwenye akaunti nyingine. Ukianza na Facebook wakati barua pepe iko mikononi mwake, ataichukua tena mbele ya macho yako.

Hii ndiyo dalili ambayo mimi mwenyewe nashauri kupiga Windows hata baada ya kusafisha, hasa kama kompyuta inatumika kwa benki au kwa hesabu za chama cha msingi chenye wakulima nyuma yake. Ila ipigwe kwa Windows iliyopakuliwa kutoka Microsoft. Flashi ya fundi yenye Windows na kifungulio cha kukraki humohumo inaweza kukurudishia mgeni uleule kabla hujafika nyumbani.

Antivairasi imezimika na haikubali kuwaka

Angalia kwanza kama kuna antivairasi ya pili uliyopewa na kompyuta ikaisha muda wake. Defender, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, hujiweka pembeni ikiona nyingine. Ondoa hiyo, washa upya. Kama hakuna, na kitufe kimekuwa cha kijivu hakibonyezeki, kuna kitu kinamzuia mlinzi. Tumia uchunguzi wa Defender unaofanyika kabla Windows haijaamka: kwenye Windows Security nenda sehemu ya virusi, fungua "Scan options", chagua ule wa "offline". Unachukua kama dakika 15 na kompyuta inajizima na kuwaka yenyewe. Jaza chaji kabla hujaanza, maana umeme ukikatika katikati utaanza upya.

Wenye Windows 10 wajue kwamba Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta inaendelea kuwaka kama jana, lakini matundu mapya yanayogunduliwa hayazibwi isipokuwa umejiandikisha kwenye mpango wao wa nyongeza.

Kumwandikia mtaalamu

Wengi wanaandika: "Kompyuta yangu ina virusi naomba msaada haraka." Mtu akisoma hivyo lazima aulize maswali kumi, na kila swali ni siku moja, kwa sababu ikiwa saa tatu usiku Mtwara, New York bado ni mchana na huenda mwenzako yuko kazini kwake. Mwalimu mmoja wa Chikongola niliyekaa naye aliandika hivi, na ningependa kila mtu aandike hivi:

"Natumia laptopu ya HP, Windows 10. Jumamosi nilichomeka flashi iliyotoka steshenari. Tangu hapo kila flashi ninayochomeka mafolda yanakuwa shotikati. Defender ilinionya mara moja nikabofya kitu sikumbuki kipi, sasa haifunguki. Nimechomoa intaneti, natuma ujumbe huu kwa simu. Sijafuta kitu. Nina mitihani ya wanafunzi ambayo sina nakala yake. Umeme hukatika jioni, naweza kujibu kuanzia saa nne usiku."

Kuna kila kitu humo. Hata ile "nikabofya kitu sikumbuki kipi" ina thamani kubwa, kwa sababu ni kweli. Kama mtaalamu hasomi Kiswahili, sentensi fupi kama hizo zinatafsirika bila kupotosha maana.

Atakuomba ripoti. Chombo kinachotumika sana ni Farbar Recovery Scan Tool, kwa kifupi FRST, programu ya MB chache ambayo haihitaji kusakinishwa. Ukiiendesha inatoa mafaili mawili ya maandishi, FRST.txt na Addition.txt, yenye orodha ya vitu vinavyoanza na Windows, kazi zilizopangwa, viendelezi vya brauza na mafaili mapya ya siku za karibuni. Haifuti chochote mpaka iambiwe. Pakua kwa simu ukilazimika, uhamishe kwa waya, kisha tuma ripoti nzima bila kukata sehemu unayoona haina maana. Ndani yake kuna jina la mtumiaji wa kompyuta. Kama hutaki lionekane mwambie mapema, usilifute kimyakimya, kwa sababu njia za mafaili zitaharibika.

Yeye atakurudishia faili linaloitwa fixlist.txt, uliweke mahali palepale ilipo FRST, kisha ubonyeze "Fix". Faili hilo limeandikwa kwa ajili ya kompyuta yako peke yake. Usimpe jirani kwa sababu dalili zake zinafanana na zako. Ni sawa na kumeza vidonge alivyoandikiwa mgonjwa mwingine wa hospitali ya Ligula: huenda kwake ni dawa na kwako kikawa ni kitu kinachozuia Windows isiwake tena.

Ukishaanza na mtaalamu mmoja, kaa naye. Usiombe msaada sehemu tatu kwa pamoja, na usiendeshe programu nyingine katikati ya kazi kwa sababu shemeji kasema ni nzuri. Ripoti ya jana haitakuwa kweli tena na yeye atakuwa anapiga risasi gizani. Halafu kuna kosa ambalo limenisikitisha mara nyingi: dalili zinaondoka siku ya kwanza, mtu anashukuru na kupotea. Kutoweka kwa dalili hakumaanishi kupona. Subiri akuambie mwenyewe kwamba kompyuta ni safi.

Mafaili unayoyashuku anaweza kukuelekeza uyapandishe kwenye tovuti ya VirusTotal, yachunguzwe na antivairasi nyingi kwa pamoja. Pandisha programu, usipandishe barua, vyeti wala orodha za majina. Kinachopandishwa pale kinaweza kufikiwa na kampuni za usalama wa kompyuta duniani.

Mtaalamu au tapeli?

Mtaalamu wa kweli hakuanzi. Wewe ndiye uliyemtafuta. Akitokea mtu kwenye WhatsApp anasema ameona kompyuta yako ina virusi, mzuie papo hapo. Hakuulizi namba ya siri ya M-Pesa wala tarakimu zinazokuja kwa ujumbe mfupi, kwa lolote lile. Hana haja ya kuingia kwenye kompyuta yako kwa mbali, kwa sababu kazi yake anaifanya kwa ripoti. Anakueleza kila hatua inafanya nini ukiuliza, na hakuharakishi. Mwenye kukuambia "tuma sasa hivi la sivyo mafaili yatafutika" amejitambulisha mwenyewe.

Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa simu ukiusambaza kwenda 15040 unawafikia TCRA. Kama umeshaibiwa nenda polisi na ushahidi wako, namba na picha za kioo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu wizi wa namna hii.

Baada ya kuambiwa ni safi

Mtaalamu atakuelekeza kuondoa vyombo vilivyotumika. Fanya hivyo, tengeneza sehemu ya kurejea ya Windows (restore point), badilisha nywila zilizosalia. Kisha nakili mafaili ya thamani kwenye diski ambayo haikai imechomekwa. Yule mwalimu aliponiuliza, "Sasa kaka, mitihani nitachapa wapi?" nilimjibu achape palepale, ila faili alitume kwa barua pepe ya steshenari au WhatsApp likiwa PDF, flashi isitoke nyumbani. Na siku mtandao ukikataa, awe na flashi ndogo moja ya kazi hiyo tu, anaweka faili moja, anachapa, akirudi haifungui, anaifomati kabla haijaguswa na kitu kingine. Yake ameifunga uzi mwekundu na inaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.